Vuli Iliyokataa Kupoa

Jumapili, 14 Septemba

Leo nimeanza kuchomoa vitumba vya pembeni. Babu alinifundisha hivi: kila shina la krisanthemu hutoa kitumba kimoja kikubwa juu na vingine vidogo vinavyokizunguka. Unavichomoa vile vidogo kwa ukucha, unakiacha cha juu peke yake, na nguvu yote ya shina inakwenda kwake. Ua likifunguka linakuwa kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Babu alivitupa vile vidogo nyuma ya bega bila kutazama vinakoangukia. Mimi siwezi. Naviweka kwenye kofia kwanza, kisha navimwaga kwenye lundo la mboji huku nimeangalia pembeni.

Ni mara ya kwanza nafanya kazi hii peke yangu. Babu Teofil alifariki Februari. Hospitalini, alipokuwa bado ana nguvu za kutania, aliniambia, "Kalinka, Siku ya Watakatifu Wote usiniletee maua ya dukani. Nitayajua." Nikamwahidi. Mama alidhani tunacheka tu. Tulikuwa tunacheka, lakini niliahidi kweli.

Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye: tarehe mosi Novemba kaburi la Babu lazima liwe na maua yake mwenyewe, meupe, yaliyofunguka, yaliyotoka kwenye kiwanja chetu. Mambo mengine yote ya muhula huu yanaweza kungoja, hata Kilatini.

Jumanne, 16 Septemba

Joto. Mwalimu wa hisabati ametufundishia uani chini ya kivuli.

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya supu ya kuku nimekwenda kiwanjani na Bibi Leokadia. Bustani za wafanyakazi wa reli ziko nyuma ya stesheni, na kila treni inayopita inatikisa vioo vya kibanda chetu. Babu alikijenga kwa madirisha ya mabehewa yaliyotupwa; wakati wa joto tunayaondoa na kuyaegemeza ukutani. Dirisha moja bado lina bamba linalokataza abiria kutoa kichwa nje.

Babu ndiye aliyekuwa akipuliza kipenga stesheni ili treni ziondoke. Treni zilichelewa, yeye hakuwahi kuchelewa. Bibi anasema hata siku ya harusi alifika kanisani kabla ya padri, akakaa kwenye ngazi akitazama saa.

Ng'ambo ya uzio ni kiwanja cha Bwana Walenty. Alikuwa dereva wa treni. Yeye na Babu walishindana kwa miaka mingi: Babu na krisanthemu zake nyeupe, Bwana Walenty na za manjano anazompelekea marehemu mkewe, Genowefa. Leo aliegemea uzio akatazama vyungu vyangu.

"Hivyo vitumba vyako vimelala, profesa."

Ananiita profesa kwa sababu aliwahi kunikuta nasoma nikiwa nimekaa ndani ya toroli.

 Huwa nafikiria jibu zuri nikiwa nimeshafika nyumbani.

"Mwache mtoto," Bibi alisema akiwa anachuma nyanya. "Hata vyako havijaamka."

"Vyangu, Bi Leokadia, vinapumzika. Kupumzika na kulala ni vitu viwili."

Nyanya bado zinaiva kana kwamba ni Julai. Bibi hana tena mitungi ya kuzihifadhia.

Ijumaa, 26 Septemba

Mawaridi ya lango kuu yamechanua upya. Kwenye kiwanja cha mwisho stroberi zimeiva mara ya pili na watu wanakwenda kuzipiga picha. Kila mtu amefurahi. Mama amerudi kutoka kazini amebeba koti mkononi, anasema vuli ya namna hii ni zawadi, tusiulize maswali.

Vitumba vyangu ni vya kijani, vigumu, vidogo kama mbaazi. Wakati kama huu mwaka jana vilikuwa vimeanza kuvimba.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mtofaa umechanua.

Ni ule mtofaa mzee ulio mbele ya kibanda, uliopandwa na Babu mwaka aliozaliwa Mama. Mwezi wa nane, kwa ule ukame, ulipukutisha karibu majani yote. Tulidhani unakufa. Kisha mvua ikanyesha, joto likabaki, na leo kwenye tawi la upande wa reli yapo maua, meupe yenye waridi kidogo, na nyuki juu yake. Kwenye tawi jirani bado linaning'inia tofaa moja jekundu. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hiyo na nilimwita Bibi kwa sauti, jambo ambalo silifanyi.

Bibi alikuja akijifuta mikono. Alitazama. Akaliweka kapu chini polepole.

"Bibi, si inapendeza?"

"Inapendeza," alisema.

Hakuchuma kitu tena. Tulifunga lango tukaenda kituoni, na ndani ya basi akanishika mkono.

"Mti unaochanua wakati majani yanaanguka unamwita mtu wa nyumba ile. Mama yangu aliuona kabla ya kufiwa na baba. Nimeshangaa tu kwamba ameniita mapema hivi. Mwaka haujaisha. Babu yako hana subira, hakuwahi kuwa nayo."

Alisema kama mtu anayetaja kwamba kesho atakwenda sokoni. Nilitazama nje ya dirisha hadi nyumbani.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekaa maktaba mpaka walipofunga. Nimepata mambo mawili.

La kwanza: mti wa matunda unatengeneza vitumba vya mwaka ujao wakati wa kiangazi, kisha majani yenyewe ndiyo yanayovizuia visifunguke. Majani yakianguka mapema kwa ukame, halafu ije mvua na joto, mti unadhani umeshalala na kuamka. Haumwiti mtu. Umekosea tarehe.

La pili silipendi. Krisanthemu zinahitaji usiku wa baridi ili vitumba vyake viendelee. Usiku ukiwa na joto, vinasimama. Havifi. Vinasimama tu.

Wakati wa chai nilimsomea Bibi lile la kwanza. Nilikuwa nimeliandika vizuri kwenye karatasi. Alinisikiliza hadi mwisho, akanisogezea sukari.

"Umesoma vizuri, mwanangu. Lakini aliyeandika kitabu hicho hakuolewa na Teofil."

La pili sikumsomea.

Jumatano, 8 Oktoba

Bibi amempa Mama kile kitambaa cha meza cha Krismasi, kilichotarizwa na mama yake Bibi. "Kitunze wewe sasa," amesema. Mama amekipokea na kuingia bafuni, akafungua maji.

Jumapili, 12 Oktoba

Bibi hataki kwenda kiwanjani. Anasema magoti. Badala yake amenifundisha kutengeneza unga wa pierogi, zile zinazokunjwa kama sambusa ila huchemshwa, bila kipimo, kwa kuugusa. "Ukiwa laini kama ndewe ya sikio, acha." Nilishika ndewe yangu, nikashika unga, nikashika tena ndewe. Alicheka mpaka akakaa.

Baadaye alitoa kabatini shali lake jeusi la sufu, akalipiga pasi, akalifunga kwenye karatasi nyeupe. Mama alikuwa mlangoni.

"Hilo ni la nini?"

"La kuzikiwa. Nimeliweka rafu ya juu, usije ukahangaika kulitafuta."

"Mama, basi. Una shinikizo la damu na magoti mabovu kama watu wote wa umri wako. Daktari amekwambia nini juzi?"

"Daktari hajauona mtofaa."

Mama alitoka na kuubamiza mlango, kisha akaurudia na kuufunga taratibu. Tulibaki tukikunja pierogi. Niliuliza, bila kumtazama, kama kuna kitu chochote kinachoweza kumfanya aamini kwamba haitwi.

Bibi alifikiri kweli. Ndilo jambo ninalompendea; ukimuuliza anafikiri.

"Maua yake," alisema. "Yakifunguka siku yake, kama kila mwaka, nitajua mambo yake yako sawa huko na hana haraka na mtu. Yasipofunguka, basi, hajatulia, ananitaka."

Pierogi iliyofuata niliikunja mara tatu, haikufunga.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo ni siku ya Mtakatifu Jadwiga, na siku hii bustani zote za reli hufunga vioo. Hakuna aliyeweka sheria hiyo. Ni desturi tu, na hakuna anayeivunja. Sakitu ya kwanza, ile barafu nyembamba ya alfajiri, huja muda wowote baada ya Jadwiga, na krisanthemu iliyopigwa na sakitu ikiwa imefunguka inakuwa kama karatasi iliyolowa. Kwa hiyo kila mtu anaingiza vyungu kibandani, anarudisha madirisha, anaziba nyufa kwa matambara, na jioni wanakunywa chai ya ndimu pamoja kwenye meza ya lango kuu.

Nilitoka shule moja kwa moja. Jua lilikuwa linachoma. Wanaume walikuwa wanabeba madirisha wakiwa na fulana tu, jasho linawatiririka, na hakuna aliyeona ajabu. Nilisimama na dirisha la kwanza mikononi, lile lenye bamba, nikawaza: ndani ya kibanda hiki tayari ni joto kuliko darasani. Nikilifunga, usiku nao utakuwa na joto. Kitabu kimesema vitumba vinasimama.

Bwana Walenty alikuwa ameshamaliza chake. Aliniona.

"Vipi, profesa, dirisha limekuwa zito?"

"Bwana Walenty," nilisema, "kuna joto."

"Joto lipo leo. Kesho kutwa je? Jadwiga ni Jadwiga. Teofil alifunga siku hii kila mwaka, hata mwaka aliovunjika mkono. Alishika dirisha kwa mkono mmoja, mimi nikashika upande wa pili."

Nilitaka kumwambia lile la pili. Nilikuwa nalo mdomoni, sentensi nzima, na nukta mwishoni. Kisha watu wawili kutoka viwanja vya chini wakaja kunisaidia, wakaniita mjukuu wa Teofil, wakasema Babu angefurahi kuona desturi inaendelea. Mmoja alinipa tambara la kuzibia ufa. Nikaliziba.

Nilikunywa chai yao. Ilikuwa nzuri. Nyumbani Bibi aliuliza, "Umefunga?" Nikasema nimefunga. "Vizuri," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mtofaa ulipochanua alionekana kama mtu anayengojea kitu kizuri.

Ijumaa, 17 Oktoba

Joto bado. Vioo vinatoka jasho kwa ndani.

Jumapili, 19 Oktoba

Joto bado. Maua ya mtofaa yameongezeka, sasa yako kwenye matawi matatu. Bwana Walenty ameniuliza habari za Bibi. Nimesema magoti.

Jumanne, 21 Oktoba

Nilifika mapema, shule imefungwa nusu siku kwa ajili ya mkutano wa walimu. Bwana Walenty hakunisikia. Alikuwa ndani ya kibanda chake ameinama, amenipa mgongo, anakata vichwa vya maua yake kwa mkasi, kimoja kimoja, anavitia kwenye ndoo, na kila akitia anafunika kwa gunia kana kwamba havipaswi kuonwa. Vitumba vya manjano vilikuwa vimeota kuvu ya kijivu, laini kama manyoya ya panya. Chungu baada ya chungu. Harufu ilikuwa ya pishi lenye maji.

Aliponiona aliishika ndoo kwa mikono miwili.

"Inatokea," alisema. "Mwaka wa mvua hutokea."

Hakukuwa na mvua.

Nimemfikiria Bwana Walenty siku zote kama mtu anayejua. Sauti yake ni ya mtu anayejua. Leo niliona mikono yake inavyoikamata ile ndoo, nikaelewa kwamba tarehe kumi na tano alikuwa anahofu kama mimi, ila yeye alikuwa na Jadwiga wa kushikilia.

Nilifungua kibanda chetu. Kuvu ilikuwa imeingia kwenye vyungu vya upande wa nyuma. Nilivitoa vile vilivyougua, nikavipeleka mbali. Vilivyobaki vilikuwa vizima, vya kijani, vigumu kama siku niliyovifungia. Kisha nikaanza kuondoa madirisha.

"Unafanya nini?"

"Nafungua, Bwana Walenty."

"Wiki ijayo itapiga sakitu. Utayaua."

Na hapo sentensi ikatoka. "Yanakufa humu ndani. Yanahitaji usiku wa baridi, na sisi tumeyapikia. Nitayaweka nje nyuma ya kibanda, kwenye kivuli cha ukuta, na sakitu ikija nitayafunika siku hiyo, si kabla. Nilijua tangu siku ile. Nilipaswa kukwambia, na wewe ungekata kidogo tu badala ya yote."

 Nadhani ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa kwa mtu asiye wa nyumbani.

Bwana Walenty alitazama ndoo yake, akatazama vyungu vyangu. Akaja upande wangu kupitia pengo la uzio, akashika dirisha lile lenye bamba upande wa pili. Tuliliteremsha pamoja.

"Maua yako ni matiifu mno, profesa," alisema. "Yamesoma bamba. Hayatoi kichwa nje."

Jumamosi, 25 Oktoba

Nyuma ya kibanda kuna ubaridi kidogo asubuhi. Kidogo tu. Kila kitumba nimekitazama kwa lenzi ya Babu ya kusomea gazeti. Kijani. Kijani. Kwenye kimoja kuna ufa mweupe, mwembamba kama ncha ya kucha.

Jumatatu, 27 Oktoba

Sokoni malori yamejaa krisanthemu. Njia nzima ya kwenda makaburini ni nyeupe na manjano na zambarau. Wanazilea kwenye vyumba vyenye mashine za kupoza hewa, nimesoma.

Nimempelekea Bwana Walenty matofaa. Amesema hatanunua maua. "Genowefa alikuwa anayacheka yale ya lori," amesema. "Nitamwashia taa tu. Atanielewa, au atanisema, amezoea."

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua ya uvuguvugu siku nzima.

Mama alirudi na chungu kikubwa cha maua meupe ya sokoni akakificha roshani nyuma ya baiskeli. Aliniita jikoni akafunga mlango.

"Vyungu vya udongo vya babu yako vipo?"

"Vipo."

"Tunaweza kuyahamishia humo. Hatajua. Kalina, mimi siwezi kumwangalia akikunja mashali tena."

Mama alikuwa bado amevaa viatu vya kazini. Nilimtazama nikafikiri kwamba kwa wiki nyingi nimemwona kama mtu anayebamiza milango, kumbe na yeye anamlilia baba yake na sasa anaogopa kuanza kumlilia mama. Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Udongo wa Babu, vyungu vya Babu. Lakini nilimsikia Babu akisema nitayajua.

Hatukuhitaji kuamua. Bibi alikuwa ameenda roshani kuanua nguo.

"Haya ya nani?" aliuliza kwa sauti ili tusikie. "Yanang'aa kama meno ya bandia."

Mama alikaa kwenye kiti akafunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika, na ilichukua muda kujua kwamba anacheka.

Chungu kimepelekwa kwa jirani wa ghorofa ya chini.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nyufa nyeupe kwenye vitumba vyote. Hakuna hata kimoja kilichofunguka. Bibi hajauliza. Amepiga pasi gauni lake na langu.

Jumamosi, 1 Novemba

Naandika jioni, nyumbani, miguu kwenye beseni.

Asubuhi nilichukua vyungu kiwanjani kwa toroli. Nilivisafisha kwa kitambaa, kana kwamba chungu kikimeta watu hawatatazama maua. Bwana Walenty alinisukumia hadi lango la makaburi. Hakutania njia nzima, na hilo lilinitisha kuliko utani.

Mji mzima ulikuwa pale, wamebeba makoti mikononi. Watoto wanakula obwarzanki, ile mikate ya duara yenye chumvi. Taa za vioo zilikuwa zimewashwa mchana kweupe na kila kaburi lilikuwa limefunikwa maua makubwa yaliyofunguka, kiasi kwamba majina hayasomeki. Sisi tulifika na vyungu vya majani. Mwanamke mmoja wa kaburi la jirani alivitazama, akamnong'oneza mumewe, naye akavitazama.

Bibi na Mama walikuwa wameshafika. Mama alikuwa amefuta jiwe. Nilivipanga vyungu mbele ya jina la Babu, vitumba vya kijani vimesimama wima kila kimoja na ufa wake mweupe, nikarudi nyuma. Nilitaka kusema samahani lakini sikujua nianze na nani kati yao wawili.

Bibi aliinama. Alishika kitumba kimoja kwa vidole viwili, kama anavyoshika unga.  Mama alimshika kiwiko.

"Havijafunguka," Bibi alisema.

"Bado, Bibi. Joto limevizuia. Nilifunga vioo, nilikosea, na—"

"Nyamaza kwanza, mwanangu." Alinyooka. "Miaka yote niliyoishi na mtu huyu alikuwa ananihimiza. Leokadia, kofia. Leokadia, mlango. Leokadia, tutachelewa, na tumefika stesheni treni yenyewe haijatoka hata karakana. Hata mkesha wa Krismasi, wenzetu wakingoja nyota ya kwanza ndipo wale, sisi tulikuwa tumeshakula." Alitazama jiwe kama anayemtazama mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. "Na leo, siku yake mwenyewe, anachelewa."

Mama aliachia kiwiko chake taratibu.

"Huyu haniiti," alisema Bibi. "Teofil akikuita anapuliza kipenga. Hii ni mara ya kwanza maishani mwake ananiambia ngoja."

Akavihesabu vyungu kwa macho, na uso wake ukabadilika kidogo, ukawa ule wa jikoni.

"Sasa haya yatamwagiliwa na nani mpaka yafunguke? Wewe una shule. Wewe una kazi. Itabidi nije mimi, kila siku, na magoti haya. Amenipangia shughuli, mnaona?"

Mama alisema, "Naona, Mama." 

Kisha Bibi akachukua chungu kimoja, akatembea nacho hadi mstari wa pili, kwa Genowefa. Bwana Walenty alikuwa amesimama pale na taa moja na kofia mkononi. Kaburi lilikuwa tupu kuliko yote.

"Shika," Bibi alimwambia.

"Nyeupe?" alisema. "Bi Leokadia, miaka yote mimi ni wa manjano. Genowefa atasema nimehamia kwa Teofil."

"Mwambie ni mkopo. Na mwambie asitazame sasa, hayajavaa."

Bwana Walenty alikiweka chungu, akakizungusha mara kadhaa kutafuta upande mzuri, ingawa pande zote zilikuwa za kijani. Aligeuka upande mwingine akapenga kamasi.

"Profesa," alisema bila kunitazama, "mwaka ujao uniambie kabla. Hata nikikubishia. Hasa nikikubishia."

Nikasema nitasema.

Jumatatu, 3 Novemba

Bibi amekwenda makaburini kwa basi, na chupa ya maji ndani ya pochi. Amerudi na habari za watu wanne.

Jumatano, 5 Novemba

Upepo umegeuka. Niliporudi kutoka shule Bibi alikuwa hayupo na nilipata hofu, kisha nikaona karatasi nyeupe imetupwa mezani, imekunjuliwa, haina kitu ndani.

Alirudi kabla ya chakula cha jioni, pua nyekundu.

"Magoti yamesema leo usiku itapiga," alisema. "Nimeyafunika. Ya Genowefa pia, shali ni pana, nimevileta vyungu vyote pamoja."

"Shali gani?" Mama aliuliza.

"La sufu. Lipo moja tu."

Mama alinitazama. Mimi nilitazama supu.

Alhamisi, 6 Novemba

Sakitu. Paa zote nyeupe, madimbwi yamekuwa vioo. Nilipita makaburini kabla ya shule. Yale maua yote makubwa yamekuwa kahawia, yameinama kwenye vyungu vyao, na majina ya watu yanasomeka tena. Niliinua pembe ya shali. Vitumba vyetu vilikuwa vikavu, vizima, na ufa umepanuka.

Kiwanjani maua ya mtofaa yamekauka kwenye matawi. Lile tofaa jekundu bado lipo.

Jumapili, 9 Novemba

Baridi nzuri usiku, jua mchana. Bibi hataki niende naye. Anasema ataniambia.

Jumanne, 11 Novemba

Sikukuu ya taifa, hakuna shule. Bibi alisema, "Vaa koti."

Yamefunguka. Si yote, lakini mengi, meupe, makubwa, petali zimejikunja kwa ndani kama vidole vinavyoshika kitu. Makaburi yote yalikuwa yametulia na ya kahawia, na katikati yake Babu na Genowefa ndio pekee waliokuwa na maua. Bwana Walenty alikuwa ameshafika, amekirudisha chungu cha Genowefa mahali pake. Alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia gotini, anayatazama.

Bibi alilikung'uta shali, akajitanda mabegani kwa sababu kulikuwa na baridi.

"Yeye mwenyewe angekasirika," alisema. "Siku kumi kuchelewa. Angemwandikia dereva barua."

"Msinitazame mimi," alisema Bwana Walenty.

Jumapili, 16 Novemba

Nimekata matawi ya mtofaa yaliyokauka. Mwakani utazaa kidogo upande wa reli, nimemweleza Bibi kwa nini, na safari hii aliuliza maswali.

Wakati wa chakula Bibi alimwambia Mama kwamba Krismasi inakaribia na anakihitaji kitambaa chake cha meza. Mama alisema atakileta. Kwanza amekipiga pasi.